Kikomo cha Mashine Kongwe: Historia ya Demo za Kompyuta za Nyumbani kwa Kulinganishwa na Meli ya Liemba huko Kagunga, 2015

1.0 Utangulizi

Mwezi Aprili 2015, katika tamasha la Revision mjini Saarbrücken, Ujerumani, kompyuta ya IBM PC ya toleo la mwaka 1981 ilionyesha rangi 1,024, ilhali kadi yake ya picha, kwa mujibu wa vitabu vya mtengenezaji, haikupaswa kuzidi rangi 16. Mwezi uliofuata, katika kijiji cha Kagunga, kaskazini mwa Kigoma karibu na mpaka wa Burundi, meli ya Liemba, iliyojengwa mwaka 1913, ilikuwa ikiwahamisha wakimbizi kutoka ufukwe usio na gati wala barabara ya magari. Matukio haya mawili hayakusababishana kwa namna yoyote. Yanawekwa pamoja katika makala hii kwa sababu yanazua swali moja la kihistoria: kikomo cha mashine kongwe hujulikanaje, na hujulikana na nani?

Makala inachunguza historia ya demo, yaani programu fupi za picha na muziki zinazoandikwa ili kuonyesha umahiri wa mwandishi na uwezo wa mashine, kisha inaitazama Liemba kama kisa cha karibu zaidi katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Hoja kuu ni kwamba mashine huwa na vikomo vya aina mbili. Kipo kikomo cha mazoea, ambacho hutokana na kitabu cha maelekezo, umri wa mashine na matumizi yaliyokusudiwa na mtengenezaji. Kipo pia kikomo cha maumbile, ambacho hakuna ustadi unaoweza kukiondoa. Anayeweza kuvitofautisha ni yule aliyeishi na mashine kwa muda mrefu. Pale ambapo maarifa hayo hayapo au yamepuuzwa, mashine hutupwa kabla ya wakati wake, au huua.

2.0 Chimbuko la demo

Kompyuta ya Commodore 64 iliingia sokoni mwaka 1982. Ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64, kichakataji chenye kasi ya takriban megahezi moja, rangi 16 na sauti tatu za muziki. Iliuzwa kwa mamilioni, na kila nakala ilifanana na nyingine kwa karibu kila jambo. Mfanano huo ndio uliokuwa msingi wa kila kilichofuata. Kijana wa Uswidi aliyegundua ujanja fulani usiku mmoja aliweza kumpelekea mwenzake wa Uholanzi diski kwa posta, na ujanja huo ukafanya kazi vilevile bila kurekebishwa. Kwa kuwa mashine haikubadilika, aliyetaka kumshinda mwenzake hakuweza kununua kasi zaidi. Alilazimika kuijua zaidi mashine ileile.

Chimbuko lenyewe halikuwa safi kisheria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikundi vya vijana wa Ulaya vilivunja kinga za michezo ya kompyuta ili inakiliwe bure, na vikaweka mwanzoni mwa kila mchezo utangulizi mfupi wenye jina la kikundi, maandishi yanayotembea na muziki. Kadiri ushindani ulivyokua, tangulizi hizo zilijitenga na uharamia na kuwa kazi zinazojitegemea. Mikutano ya kubadilishana diski nayo iligeuka kuwa mashindano. Tamasha la The Party lilianza Denmark mwaka 1991 na Assembly likaanza Finland mwaka 1992. Mwaka 1993, katika Assembly, kikundi cha Future Crew kilishinda kwa demo ya Second Reality.

3.0 Mbinu za kuvuka kikomo cha mazoea

Mifano mitatu inatosha kuonyesha watunzi wa demo walivuka nini hasa.

Wa kwanza ni ukingo wa skrini. Commodore 64 huchora picha ndani ya fremu, na nje ya fremu hubaki ukingo wa rangi moja ambao kitabu hakikuruhusu kuchora chochote. Watunzi waligundua kwamba chipu ya picha hukagua katika mstari mmoja maalumu tu iwapo wakati wa kufunga fremu umefika, na kwamba mstari huo hutegemea kama skrini ina safu 25 au 24 za herufi. Wakabadilisha idadi ya safu kutoka 25 kwenda 24 baada ya mstari wa kufunga safu 24 kupita na kabla ya ule wa safu 25 kufika. Chipu ilikosa mahali pa kukagua, fremu haikufungwa, na vijipicha vinavyosogezwa, yaani spraiti, vikaonekana juu ya ukingo.

Wa pili ni spraiti zenyewe. Chipu ilitoa spraiti nane tu. Lakini picha ya televisheni huchorwa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Spraiti ikishachorwa juu, inaweza kuhamishwa na kuchorwa tena chini kabla picha haijakamilika. Mtazamaji akaona spraiti nyingi, ilhali katika mstari mmoja hazikuzidi nane.

Wa tatu ni sauti. Kila kiwango cha sauti kilipobadilishwa, chipu ya muziki ilitoa mlio mdogo wa kukwaruza. Ilikuwa ni kasoro ya utengenezaji. Watunzi walibadilisha kiwango hicho maelfu ya mara kwa sekunde na kuigeuza kasoro kuwa sauti ya nne, iliyoweza kutoa ngoma na hata maneno ya mtu. Mtengenezaji alipotoa chipu mpya na kuipunguza kasoro hiyo, sauti ya nne ikafifia. Kilichohesabiwa kiwandani kuwa uboreshaji kilikuwa hasara kwa walioizoea mashine.

Katika mifano yote mitatu kikomo cha maumbile hakikuguswa. Katika toleo la Ulaya, kila picha moja ya televisheni, ambazo ni 50 kwa sekunde, ilimpa mtunzi mizunguko 19,656 ya kichakataji na si zaidi. Hakuna demo iliyowahi kuongeza mzunguko hata mmoja. Vivyo hivyo kwa demo ya 8088 MPH iliyoshinda Saarbrücken, kazi ya vikundi vya Hornet, CRTC na DESiRE: kichakataji kilibaki kwenye megahezi 4.77, na rangi 1,024 zilipatikana kwa kuijua vyema tabia ya mawimbi yanayopelekwa kwenye televisheni ya rangi ya Marekani. Kilichovukwa ni kitabu. Heshima ya kazi hizo ilikuja baadaye, Finland ilipoingiza utamaduni wa demo katika orodha yake ya kitaifa ya urithi usioshikika mwaka 2020, na Ujerumani ikafuata mwaka 2021.

4.0 Kwa nini historia hii haikuanzia Tanzania

Kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980 haikuwa na skrini yake. Iliunganishwa na televisheni ya sebuleni. Kwa sababu hiyo historia ya demo ni sehemu ya historia ya televisheni, na hapo ndipo Tanzania Bara ilipochukua njia nyingine. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio la kuendesha hesabu za serikali kwa mashine lilikwama, huku utaalamu ukitegemea wageni na gharama zikilipwa kwa fedha za kigeni zilizokuwa adimu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na pia televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi mwaka 1994.

Ni rahisi kuieleza marufuku hiyo kama woga wa maendeleo. Tafsiri hiyo haitoshi. Katika Wizara ya Fedha mashine ilikuwapo, lakini watu waliokaa nayo muda wa kutosha kuifahamu walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa wa kupita. Mashine isiyo na wenyeji wanaoijua huonekana kushindwa hata pale ambapo haijafikia kikomo chake. Marufuku ilikuwa jibu kwa tatizo halisi, ila gharama yake ilikuwa kizazi kizima cha vijana ambao hawakuwahi kukesha na mashine moja hadi kuimaliza. Hivyo anayetafuta katika mwambao wa Kigoma historia ya watu na mashine kongwe hana budi kuitafuta nje ya kompyuta. Ataipata bandarini.

5.0 Liemba na maarifa ya mafundi

Meli iliyokuja kuitwa Liemba iliundwa katika kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Götzen. Ilifumuliwa, ikasafirishwa vipande vipande hadi Dar es Salaam na kisha kwa reli hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma, waliizamisha kwa makusudi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 waliikuta katika hali ya kutengenezeka, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Uamuzi wa mafundi wale ulitokana na ujuzi wa aina ileile iliyoelezwa katika sehemu ya tatu: walijua maji yataharibu nini, na nini kinaweza kusubiri. Baadaye injini za mvuke zilibadilishwa kuwa za dizeli, na meli ikaendelea kuhudumia vijiji ambavyo vingi havina gati. Abiria walipanda na kushuka kwa mitumbwi na boti katikati ya maji.

Utaratibu huo ndio uliofaa mwaka 2015. Baada ya ghasia za kisiasa kuanza Burundi mwishoni mwa Aprili, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya ziwa na milima mikali. Kipindupindu kilizuka na kuua watu zaidi ya 30, wengi wao wakimbizi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliitumia Liemba kuwapeleka watu Kigoma, ambako walipokelewa kabla ya kusafirishwa kwa mabasi hadi kambi ya Nyarugusu. Boti ndogo ziliwatoa watu ufukweni hadi melini, kama zilivyokuwa zikiwatoa wafanyabiashara wa dagaa na mawese kwa miongo mingi. Meli ilichukua takriban watu 600 kwa safari, idadi iliyolingana na uwezo wake. Kwa kiwango hicho, kuwahamisha watu 30,000 kunahitaji safari 50. Yaani ukubwa wa kazi ulibebwa na wingi wa safari, kama spraiti nane zilivyochorwa tena na tena. Kikomo kilichovukwa ni cha umri na matumizi yaliyokusudiwa. Idadi ya watu kwa safari moja iliheshimiwa.

6.0 Mpaka wa ulinganisho

Ulinganisho huu una mpaka, nao ndio sehemu yake nzito. Mtunzi wa demo akikosea, skrini huganda na mashine huwashwa upya. Melini hakuna kuwasha upya. MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 ikiwa na watu wengi kuliko uwezo wake, na inakadiriwa zaidi ya watu 800 walikufa. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara mnamo Septemba 2018 ikiwa imejaa kupita kiasi, na zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Bukoba haikuwa imefikisha miaka 20, na Nyerere ilikuwa na miaka 14 hivi. Liemba ilikuwa na zaidi ya miaka 100 ilipofika Kagunga. Umri, basi, haukuwa kikomo katika kisa chochote kati ya hivi vitatu. Uzito na mizani ya chombo ndivyo vilikuwa kikomo cha maumbile, na kilipovukwa hakikusamehe.

Tofauti nyingine ni ya hiari. Watunzi wa demo walichagua ufinyu wa mashine zao. Wangeweza kununua nyingine. Wakazi wa Kagunga na wakimbizi waliowapokea hawakuchagua kutegemea meli ya mwaka 1913. Kuusifu ustadi wa mabaharia na mafundi hakupaswi kugeuka kisingizio cha kutojenga barabara, gati au meli mpya.

7.0 Hitimisho

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Historia ya demo na ya Liemba zinaongeza kwamba vinavyoendelea kuelea vina watu wanaovijua. Uchunguzi huu unaonyesha kuwa kauli "mashine hii imefika mwisho" na kauli "mashine hii itabeba zaidi" zote mbili ni madai ya maarifa, na zote huweza kutolewa na mtu asiyejua. Kwa mtafiti wa historia ya teknolojia Afrika Mashariki, hili lina maana ya moja kwa moja: kumbukumbu za ununuzi na za marufuku, ambazo ndizo zilizohifadhiwa zaidi, zinaeleza mashine ilifika lini na ilikataliwa lini. Ni masimulizi ya mafundi wa karakana, mabaharia na waendesha mitambo yanayoweza kueleza kikomo chake kilikuwa wapi. Masimulizi hayo yanastahili kukusanywa mapema, wakati wanaoyabeba bado wapo.