Vitufe vya alama vya PlayStation

Vitufe vya alama vya PlayStation ni vitufe vinne vya upande wa kulia wa pedi ya mashine hiyo ya michezo ya video ya Sony: pembetatu ya kijani, duara jekundu, X ya buluu na mraba wa waridi. Vilianza kuuzwa Japani Desemba 1994. Wakati Super Famicom ya Nintendo ilitumia herufi A, B, X na Y, msanifu Teiyu Goto alichagua alama zilizo rahisi kukumbuka. Kwa maelezo yake, pembetatu ni mtazamo wa mchezaji, mraba ni karatasi, yaani menyu. Duara ni ndiyo na X ni hapana.

Wajapani huviita sankaku, maru, batsu na shikaku. Katika shule zao maru huonyesha jibu sahihi. Batsu ni kosa, sawa na X nyekundu ya mwalimu wa Afrika Mashariki. Ndiyo maana duara lilikuwa la kukubali. Marekani na Ulaya michezo mingi iligeuza mpangilio huo, hivyo aliyehamia toleo la Kijapani alijikuta akighairi alichotaka kuthibitisha. PlayStation 5 ya mwaka 2020 iliifanya X kuwa ya kukubali hata Japani, na pedi yake ikaondoa zile rangi nne, jambo la kusikitisha.

Wanaozungumza Kiingereza wengi hukiita kitufe cha X “eksi”. Mwaka 2019 Sony ya Uingereza ilitangaza kwamba jina lake ni msalaba, na wachezaji wengi wakapinga. Kwa mantiki ya Goto, hata hivyo, kitufe hicho hakikuwa herufi kamwe.