Istilahi Mbili za Kizimbani: Mfano wa Kigoma na Ujiji

Madhumuni ya makala hii ni kufuatilia historia ya istilahi mbili zinazotumika mtu anaposhtakiwa kwa ajili ya bangi: ile inayotaja kosa lenyewe, na ile inayomtaja mtu wa kumtetea. Tumechukua mfano wa Kigoma na Ujiji kwa kuwa mwambao huo wa ziwa umekuwa njia panda ya bidhaa na ya lugha tangu zama za misafara, na mshtakiwa wa huko aghalabu huja mahakamani na Kiha, Kibembe au Kiswahili cha Kongo.

Neno bangi halina utata. Lilitoka Bara Hindi, likavuka bahari hadi pwani yetu, kisha likaenea bara. Burton, aliyefika Ujiji Februari 1858 pamoja na Speke, ameutaja uvutaji wake katika kitabu chake cha mwaka 1860. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1925 uliitia bangi katika udhibiti wa kimataifa. Sheria ya kikoloni ya dawa za hatari ilidumu Tanganyika hadi ilipofutwa na sheria ya mwaka 1995, nayo ikafuatwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. (Kwamba sheria imesema "dawa" wala si "madawa" ni jambo la kuwapongeza waandishi wake, magazeti bado hayajasikia.)

Utata umo katika kitenzi. Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1930 badala ya ile ya India, haikuishia kwenye kitu kilicho mkononi. Kitu kilichohifadhiwa na mwingine, au kilichowekwa mahali popote, huhesabiwa kuwa unacho ikiwa unajua hivyo. Na katika kundi, alicho nacho mmoja kwa ujuzi na ridhaa ya wenzake huhesabiwa kuwa wote wanacho. Shina la kosa ni kujua. Lakini neno lililozoeleka mahakamani ni "kupatikana na", ambalo hutaja tukio la upekuzi tu, tena linakaribiana mno na "kupatikana na hatia". Wengine wameona "kumiliki" ni bora. Nalo lapotosha kwa upande wa pili: aliyemtunzia mwenziwe mzigo atasema kwa unyofu kwamba hamiliki kitu, hali sheria haimwulizi mali ni ya nani.

Tuseme mchukuzi wa Kibirizi amepewa gunia alipakie botini. Polisi wanalifungua, chini ya dagaa mna bangi. Mahakamani anaulizwa, "Ulipatikana na bangi, ni kweli?" Anajibu, "Ni kweli." Amesema kweli tupu, na hapo hapo amekiri kosa ambalo huenda hakulitenda. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliitambua hatari ya namna hii katika rufani moja ya mwaka 1973, ikaagiza kwamba shtaka na kila kiungo cha kosa vielezwe katika lugha anayoielewa mshtakiwa, na jibu lake liandikwe, kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yake mwenyewe.

Kwa maoni yetu, tafsiri inayofaa ni "kuwa na bangi kwa kujua". Ni ndefu kidogo, ila swali litokalo humo mchukuzi yule ataweza kulijibu.

Istilahi ya pili ni wakili. Kwa asili yake ya Kiarabu, wakili ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwingine: auze mali kwa niaba ya tajiri, au asimame badala ya mtu katika ndoa. Waingereza walipoleta watetezi wa mahakamani, neno likahamia kwao, lakini wao hawakuonekana mabarazani. Sheria ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1929 iliwazuia. Na baada ya sheria ya mwaka 1963 kuunganisha mahakama, zile za mwanzo ziliendelea bila wao, hadi mabadiliko ya mwaka 2021 yalipowaruhusu pale anapoketi hakimu mkazi. Vizazi kadhaa vya Ujiji vililijua neno pasipo kumjua mtu.

Hapo ndipo cheo cha "wakili wa Serikali" kinapoleta madhara. Huyo ndiye anayeendesha mashtaka. Mshtakiwa maskini akiambiwa kwamba wakili wa Serikali amekwisha kufika, ana kila sababu ya kudhani kwamba Serikali imempa mtetezi, na huenda akamweleza yale ambayo angemficha mshtaki wake. Cheo hicho kimo katika sheria na hatuwezi kukifuta. Lakini mkalimani anaweza, mbele ya mshtakiwa, kusema "mwendesha mashtaka", na kumwita yule mwingine "wakili wa utetezi".

Wala "mwanasheria" halitoshi. Mwanasheria amesomea sheria. Wakili ameandikishwa katika daftari la mawakili, na kuuliza kama jina lake limo ndiyo kinga dhidi ya wale wanaoitwa vishoka. Kwa asiye na uwezo, sheria ya mwaka 1969 ilifungua njia ya kupewa wakili katika kesi ya jinai, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ikaipanua, ikamtambua pia "msaidizi wa kisheria". Huyu hueleza na kuelekeza. Hasimami mahakamani kumtetea mtu. Matangazo ya ofisi za wilaya yanayoandika "wasaidizi" mahali palipotakiwa "mawakili" humtuma ndugu wa mahabusu kwa mtu asiyeweza kusimama mbele ya hakimu, na siku ya kesi ikafika.