Kufunga sampu kubwa ya oili kwenye Chevrolet Camaro ya 1967 hadi 1969

Chevrolet Camaro za kizazi cha kwanza, yaani modeli za mwaka 1967, 1968 na 1969, zipo hadi leo pande zote mbili za mpaka wa Marekani na Kanada, na vipuri vyake huvuka mpaka huo kama bidhaa nyingine yoyote. Kipuri kimojawapo kinachoagizwa na wenye magari hayo ni sampu ya oili iliyo kubwa kuliko ile ya kiwandani. Mwongozo huu unaeleza kazi ya sampu hiyo, mambo ya kuangalia kabla ya kuagiza, na jinsi inavyofungwa kwenye gari lenye injini ndogo ya V8 ya Chevrolet.

Sampu ni karai la bati lililofungwa kwa bolti chini ya injini, ambamo oili hukaa ikisubiri kuvutwa na pampu. Injini ndogo ya V8 ya Chevrolet ilianza kuuzwa mwaka 1955 ikiwa na ujazo wa inchi 265, na mwaka 1967 Camaro ikapata ile ya inchi 350. Katika injini hizo sampu ya kawaida hubeba robo-galoni 4 za Kimarekani, na filta huchukua 1 zaidi. Jumla ni robo-galoni 5, takriban lita 4.7. Sampu kubwa zinazouzwa madukani huongeza robo-galoni 1 hadi 3 juu ya kiasi hicho.

Kwa gari la kwenda sokoni na kurudi, kiasi cha kiwandani kinatosha kabisa. Tatizo huanza pale gari linapokimbizwa. Kwenye Camaro sehemu yenye kina ya sampu iko nyuma, na ndipo ulipo mdomo wa pampu. Gari likiondoka kwa nguvu oili hurudi nyuma kuelekea kwenye mdomo, na hapo hakuna wasiwasi. Lakini dereva akikanyaga breki ghafla oili hukimbilia mbele, na akikata kona ndefu kwa kasi hupanda upande mmoja. Wakati huohuo krenki inayozunguka mara 6,000 kwa dakika huwa imerusha oili nyingi juu, na nyingine bado iko kwenye vichwa vya injini haijashuka. Mdomo ukibaki wazi pampu huvuta hewa, na mshale wa geji huanguka.

Hasara yake hulipwa na beringi. Kati ya beringi na krenki hakuna kitu kingine isipokuwa utando mwembamba wa oili. Utando huo ukikatika, vyuma hugusana, na sekunde chache zinatosha kuharibu krenki ambayo ingedumu miaka mingi. Ndiyo maana mwenye gari anayeona geji ikishuka kwenye kona kisha ikirudi yenyewe hapaswi kuridhika kwamba imerudi.

Hata hivyo, sampu kubwa si dawa ya kila ugonjwa. Haiongezi presha ya oili. Injini ambayo presha yake iko chini ikiwa imepata moto na inanguruma taratibu ina beringi zilizokwisha au pampu iliyochoka, na itabaki hivyo hata ikipewa lita kumi. Kipimo kinachotumiwa na mafundi wengi wa Marekani ni pauni 10 za presha kwa kila mizunguko 1,000 ya krenki. Injini isiyofika hapo ipimwe kwanza ndipo pesa zitumike kwenye bati. Nayo pampu ya ujazo mkubwa ikifungwa juu ya sampu ya kiwandani inaweza kuimaliza haraka zaidi.

Wapo wanaokwepa gharama kwa kuongeza lita moja ya ziada kwenye sampu ileile ya zamani. Hilo ni kosa. Usawa wa oili ukipanda hadi kufikiwa na krenki, oili hupigwa ikawa povu, na povu ni hewa. Faida ya sampu kubwa ni kwamba hubeba oili zaidi huku usawa wake ukibaki pale pale, mbali na krenki.

Kina au upana

Nafasi ya oili ya ziada hupatikana kwa njia mbili: kushusha sakafu ya sampu au kutanua mbavu zake. Hesabu yake ni rahisi. Robo-galoni moja ya Marekani ni sentimita za ujazo 946. Sampu ambayo sehemu yake ya chini ina sentimita 25 kwa 25 inahitaji kushuka sentimita moja na nusu kwa kila robo-galoni. Mbili ni sentimita 3. Kwa gari la mashindano ya mstari ulionyooka hilo halina shida. Kwa gari la barabarani, tena lililoshushwa springi, sentimita 3 ndizo zinazoamua kama tuta litapita salama au litapasua sampu na kumwaga oili yote barabarani.

Sampu iliyotanuliwa pembeni haipunguzi nafasi ya chini, ila ina masharti yake. Upande wa kulia wa injini ipo stata, na baadhi ya sampu pana hugombana nayo. Aidha, kwenye Camaro za miaka hiyo fimbo ya katikati ya usukani hupita nyuma ya boriti ya mbele, chini kabisa ya injini, mbele ya sehemu yenye kina. Sampu iliyotengenezwa kwa ajili ya gari la aina nyingine inaweza kuingia kwenye injini vizuri sana ikiwa mezani, kisha ikazuia usukani injini ikirudi kwenye gari. Kwa sababu hiyo anayeagiza ataje gari pamoja na injini.

Bila vizuizi vya ndani, ukubwa peke yake hausaidii sana. Sampu nzuri ina kuta za bati na vilango vya bawaba vinavyoruhusu oili kuingia kwenye mdomo lakini haviiruhusu kutoka. Juu yake hufungwa trei inayotenganisha krenki na oili iliyotulia. Wazo hili si geni kwa gari lenyewe: Camaro Z/28 ya inchi 302 ilitoka kiwandani ikiwa na trei ya namna hiyo. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, sampu yenye robo-galoni 1 ya ziada na vilango vizuri inashinda yenye robo-galoni 3 na tumbo tupu.

Kabla ya kuagiza

Magari haya yana zaidi ya nusu karne, na mengi hayana tena injini yaliyozaliwa nayo. Mwaka wa gari hausemi lolote kuhusu sampu. Kinachotakiwa ni mwaka wa bloku. Bloku za hadi 1979 zina tundu la kijiti cha kupimia oili upande wa kushoto, na za kuanzia 1980 upande wa kulia. Sili ya nyuma ya krenki ilikuwa ya vipande viwili hadi 1985, na kuanzia 1986 ni kipande kimoja, hivyo umbo la sampu kwa nyuma hubadilika. Sili ya mbele nayo ilikuwa nyembamba hadi 1974, ikawa nene kuanzia 1975. Mnunuzi asiyekagua mambo hayo matatu hulipia usafiri mara mbili.

Biashara ya magari kati ya nchi hizi mbili ina historia ndefu. Mkataba wa magari uliotiwa saini Januari 1965 na Rais Lyndon Johnson na Waziri Mkuu Lester Pearson uliondoa ushuru kwa magari na vipuri vya viwandani, na injini za V8 za Chevrolet zilitengenezwa pia St. Catharines, Ontario. Mkataba huo ulifutwa mwaka 2001. Tangu Julai 2020 biashara ya Marekani, Kanada na Meksiko inaongozwa na mkataba mpya wa nchi tatu, ambao nafuu yake hutolewa kwa bidhaa iliyotokana na nchi hizo. Sampu iliyotengenezwa Asia haigeuki kuwa ya Kimarekani kwa kulala kwenye ghala la Ohio, na anayeiingiza Kanada asishangae kuambiwa hivyo forodhani. Kodi ya bidhaa na huduma ya asilimia 5 hutozwa kwa vyovyote. Mzigo ukifika ufunguliwe mara moja na sampu ilazwe juu ya kioo au meza iliyonyooka, kwa kuwa ukingo uliopinda njiani utavuja daima.

Kuifungua ya zamani na kupima

Kazi inawezekana bila kutoa injini, ingawa anayeitoa kwa sababu nyingine atumie fursa hiyo. Betri hutenganishwa, oili humwagwa, na gari husimamishwa juu ya stendi imara. Kava la feni hufunguliwa ili feni isigonge rejeta, na kifuniko cha distributa hutolewa kisije kikavunjikia kwenye ukuta wa bati ulio nyuma ya injini. Stata na kifuniko cha chini cha flaiwili hutoka. Mkono wa pembeni wa usukani hufunguliwa kwenye fremu ili fimbo ishuke. Bolti za vishikio vya injini huchomolewa, injini huinuliwa kwa kreni kiasi cha sentimita 7 hivi, na vipande vya mbao ngumu huwekwa kwenye vishikio. Jeki isiegemezwe kwenye sampu. Krenki izungushwe hadi alama ya puli iangalie chini. Hapo sampu hupata njia ya kutoka.

Sampu mpya huhitaji mdomo wake wa pampu, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mdomo ukiwa mbali na sakafu huvuta hewa mapema; ukigusa sakafu hauvuti kitu. Nafasi inayokubalika ni milimita 6 hadi 10. Haikadiriwi kwa macho. Kipande cha udongo laini wa kuchezea hubandikwa chini ya mdomo, sampu hufungwa pamoja na gasketi yake, kisha hutolewa na unene wa udongo uliobaki hupimwa. Nafasi ikishakubalika, bomba la mdomo huchomelewa kidogo kwenye pampu lisije likachomoka kwa mtikisiko. Kabla ya kuchomelea, springi ya kupunguzia presha itolewe ndani ya pampu, maana joto huilegeza. Bolti inayoshika pampu kwenye kofia ya nyuma ya krenki hukazwa kwa futi-pauni 65, sawa na Nm 88. Fundi mwangalifu hubadilisha pia shafti fupi inayoendesha pampu, kwa sababu ile ya kiwandani ina kiungo cha plastiki. Ya kisasa ina cha chuma.

Gasketi ya mpira ya kipande kimoja ni bora kuliko ile ya koki yenye ncha za mpira. Silikoni kidogo hupakwa kwenye pembe nne tu. Bolti ndogo za uzi wa robo inchi hukazwa kwa Nm 9, kiasi kidogo kuliko mkono wa fundi unavyopenda. Zikizidishwa, ukingo huinuka katikati ya bolti na oili hupata mlango. Kabla ya kushusha injini, usukani ugeuzwe hadi mwisho kushoto na kulia huku mtu akiangalia chini.

Kujaza na kuweka alama

Injini isiwashwe ikiwa kavu. Distributa hutolewa, na shafti ya pampu huzungushwa kwa mashine ya kutobolea, kwa mwelekeo wa saa, mpaka geji ionyeshe presha.

Kijiti cha zamani sasa kinadanganya, kwani alama zake ni za sampu ya robo-galoni 4. Kama mpya ni ya 6, hutiwa 6 kamili gari likiwa mahali tambarare na filta ikiwa tupu, na hapo ndipo alama mpya huchorwa. Baada ya kuzungusha pampu au kuwasha injini filta hujaa na oili hushuka. Huongezwa mpaka ifike kwenye alama. Kipimo kisomwe injini ikiwa imezimwa kwa dakika kadhaa.

Wanunuzi wa Kanada waangalie jambo moja zaidi. Kabla nchi hiyo haijahamia vipimo vya metriki katika miaka ya 1970, robo-galoni yake ilikuwa ya Kiingereza, lita 1.136, wakati ya Marekani ni lita 0.946. Robo-galoni 7 za mtengenezaji wa Marekani ni lita 6.6. Anayetumia chombo cha kupimia cha zamani kutoka gereji ya Ontario atamimina karibu lita 8, na lita hiyo na zaidi itaishia kwenye krenki.