Mhadhiri anasema hivi, wanafunzi je?

Hebu mpe mhadhiri dodoso, umuulize anafundishaje. Nani atakiri kwamba anasoma tu slaidi mpaka kipindi kiishe?

Huko Australia, Keith Trigwell na Michael Prosser walianza kwa kuwahoji wahadhiri 24 wa fizikia na kemia wa mwaka wa kwanza, kisha wakaunda dodoso la kauli 16: nusu za anayemimina maarifa, nusu za anayetaka mwanafunzi abadili uelewa wake. Sawa, ila linapima kweli? Mwaka 1999, pamoja na Fiona Waterhouse, wakawaendea wanafunzi wenyewe, 3,956 katika madarasa 48. Hawakuwauliza habari za mwalimu. Waliwauliza wao wanasomaje. Pale mhadhiri alipojieleza kama mmiminaji, wanafunzi walielekea zaidi kukariri. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kuliko hesabu yoyote ya kuona kama kauli zinaendana, ingawa hautuambii nani alimwambukiza nani.

Ubishi haukuisha. Mwaka 2002 Ruth Kane na wenzake wakaonya kwamba anachosema mhadhiri ni nusu tu ya habari. Anachofanya darasani ni nusu nyingine. Mwaka 2005 dodoso likafumuliwa, likawa na kauli 22. Mwaka uliofuata, Meyer na Eley wakahoji hata namna lilivyoundwa tangu mwanzo.