Senti Moja kwa Bilauri: Vituo vya Maziwa vya Nathan Straus

Mwaka 1893, majira ya joto yalipoanza, kilifunguliwa kibanda cha maziwa kwenye gati la East Third Street jijini New York. Akina mama wa mitaa ya jirani, wengi wao wahamiaji wasiojua Kiingereza, walifika wamepakata watoto wao. Walipewa chupa ndogo zilizozibwa vizuri, na daktari akamtazama mtoto bila malipo na kumweleza mama namna ya kumlisha. Aliyetaka kunywa palepale alilipa senti moja kwa bilauri. Asiye na senti hakurudishwa mikono mitupu. Mwaka huo wa kwanza zilitoka chupa 34,400.

Kibanda hicho kilizaliwa na msiba uliokuwa umezoeleka. Maziwa ya New York yalisafiri kwa treni kutoka mashambani, yakashinda dukani kwenye makopo yasiyofunikwa, yakauzwa kwa kata. Mwenye duka alichovya kata, akamiminia jagi la mteja, akairudisha kata mle mle. Wapo waliotia maji, na wapo waliotia chaki ili yale maji yasionekane. Kwa miaka mingi walikuwapo hata ng'ombe waliofungwa katikati ya mji wakilishwa machicha ya viwanda vya pombe kali. Maziwa ya namna hiyo yalibeba kifua kikuu, homa ya matumbo, dondakoo na maradhi ya kuhara. Mwaka 1891 karibu mtoto mmoja kati ya kila wanne waliozaliwa jijini humo alikufa kabla ya kutimiza mwaka. Joto lilipopanda, majeneza madogo yaliongezeka, na watu wakayapokea kama wanavyopokea majira ya mwaka.

Nathan Straus hakuyapokea. Alizaliwa tarehe 31 Januari 1848 huko Otterberg, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, Lazarus, alitangulia Marekani, na mwaka 1854 mkewe na watoto wakamfuata Talbotton, mji mdogo wa jimbo la Georgia alikofungua duka. Ni haki kusema pia kwamba nyumba hiyo, kama nyingi za Kusini wakati ule, ilihudumiwa na watumwa. Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe wazee wa baraza la mahakama ya huko waliwashutumu wafanyabiashara Wayahudi hadharani, na Lazarus akaihamisha familia yake. Baada ya vita waliingia New York na kuanza biashara ya vyombo vya kaure na vioo. Mwaka 1874 walipata sehemu ya kuuzia vyombo vyao ndani ya duka kubwa la Macy's. Kufikia 1896 Nathan na kaka yake Isidor walikuwa ndio wenye duka lote.

Tajiri huyo angeweza kutoa sadaka ya mara moja na kupumzika. Badala yake, mwaka 1892, yeye na mkewe Lina walianzisha maabara ya kutayarisha maziwa kwa njia ya Mfaransa Louis Pasteur: kuyapasha moto kwa muda maalumu bila kuyafikisha kwenye mchemko, kisha kuyapoza haraka na kuyaziba. Vijidudu hufa, na ladha haipotei sana. Kazi ya vituo ilikuwa kuyafikisha kwa mtoto mchanga kabla hayajaharibika tena.

Mwaka 1893 uchumi wa Marekani uliporomoka, na majira ya baridi yaliyofuata vituo vikabeba mzigo mwingine. Viliuza makaa ya mawe, kilo 11 kwa senti 5, na asiye na hizo senti 5 alipewa bure. Straus alifungua pia nyumba za malazi ambako mtu alipata kitanda na kifungua kinywa kwa bei hiyohiyo.

Ushahidi uliowanyamazisha wengi ulitoka Randall's Island, kisiwa ambako jiji lilikuwa na makao ya watoto wachanga wasio na wa kuwalea. Mwaka 1897 karibu asilimia 44 ya watoto hao walikufa. Straus aliweka kisiwani mtambo wake wa kupasha maziwa moto. Mwaka 1898 vifo vilishuka hadi karibu asilimia 20. Naona takwimu hizi zinatosha kuwa mnara wa mtu.

Hata hivyo alipingwa. Walikuwapo madaktari walioshikilia kwamba moto huua virutubisho na kuficha uchafu wa mazizi, na wafanyabiashara waliogopa gharama. Mwaka 1907 jitihada za kulifanya jiji lipige marufuku maziwa mabichi zilikwama. Rais Theodore Roosevelt akaagiza wataalamu wa afya wa serikali wachunguze, na ripoti yao ya 1908 ikaunga mkono upashaji moto. Mwaka huohuo Chicago ikawa jiji la kwanza kuuamuru kwa sheria. Mwaka 1911 Idara ya Afya ya New York ikaanza kufungua vituo vyake yenyewe, na miaka michache baadaye sheria ikafika huko pia. Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi: tangu mwanzo alidai kwamba kazi hii ni ya serikali, na serikali ilipoishika hakuigombea. Kwa jumla alisaidia kuanzisha vituo 297 katika miji 36, Marekani na ng'ambo.

Mwaka 1912 Isidor na mkewe Ida walizama na meli ya Titanic. Nathan alizidi kuelekeza mali yake Palestina, ambako alifungua jiko la kuwalisha maskini wa Jerusalem. Mwaka 1913 alisaidia kuwapeleka huko wauguzi wawili wa kwanza wa Hadassah, chama cha wanawake Wayahudi wa Marekani. Kituo cha afya alichokijenga Jerusalem kilifunguliwa 1929 kwa ajili ya wakazi wote, bila kubagua dini wala kabila, na mwaka huohuo mji wa Netanya ulianzishwa kwa jina lake. Alifariki New York tarehe 11 Januari 1931, akiwa ametoa sehemu kubwa ya utajiri wake.

Kwetu maziwa mengi bado hufika mlangoni kwa baiskeli, ndani ya dumu, yakapimwa kwa kikombe. Msomaji, ukiyanunua jioni ya leo, yabandike jikoni, usibanduke mpaka yaumuke hadi ukingoni mwa sufuria, kisha yafunike yapoe. Ndipo umpe mtoto.