Masini moja, ekra mbili: kuangalia tundu kabla ya kununua kable

Katika studio ndogo ya redio ya mtaa, animateri mara mingi anakuwa na masini moja tu. Kwenye ekra yake kunapita nyimbo na matangazo, na kwenye ekra hiyohiyo anasoma habari. Anataka kufunga ukurasa wa habari, anafunga programu ya muziki, antena inabaki kimya. Ekra ya pili inapunguza shida hiyo. Inasaidia vilevile mwenye sekretariati ao mupiga picha mwenye kutengeneza picha za ndoa. Haiombi kompyuta ya pili: Windows inakubali ekra zaidi ya moja tangu Windows 98.

Kazi inaanzia nyuma ya masini, si dukani. Watu wengi wananunua ekra kwanza, kisha wanafika nyumbani na kuona fishi haiingii. Tundu za picha ziko za aina ine. VGA, mara mingi ya rangi ya buluu, iko na vitundu 15. Ilitoka mwaka 1987 na ingali kwenye ekra nyingi za zamani. DVI ni pana, mara mingi nyeupe. HDMI ni ile ya televizyo. DisplayPort inafanana na HDMI, lakini kona yake moja tu ndiyo imekatwa.

Tuseme masini ni Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, ya okazioni. Nyuma yake kuko VGA 1 na DisplayPort 2, HDMI hakuna. Ekra ya zamani itaingia kwenye VGA. Ekra yenye HDMI itapita kwenye DisplayPort, kwa kable ya DisplayPort kwenda HDMI. Hapo ndipo franka zinapotea bure: kable hiyo inapitisha picha upande mmoja tu, kutoka DisplayPort ya masini kwenda HDMI ya ekra. Mwenye masini ya HDMI na ekra ya DisplayPort, kable hiyo haimufai, hata kama fishi zinaingia vizuri. Adaptateri ya HDMI kwenda VGA nayo ni vilevile. Kwa hiyo dukani sherti kusema wazi masini iko na nini na ekra iko na nini. Picha ya tundu iliyopigwa na simu inatosha.

Kuna tena kifaa cha bei ndogo chenye kugawanya tundu moja kuwa mbili. Hicho kinaonyesha picha moja mara mbili, basi. Hakifai kwa kazi hii.

Masini ikiwa imeongezewa karte grafike, tundu zinakuwa za makundi mawili: zile za masini yenyewe, na zile za karte, chini yake. Mara mingi karte ikiingia, zile za kwanza zinazimika. Mutu anatia ekra moja juu, nyingine chini, kisha anasema ekra imekufa. Ekra zote mbili ziingie kwenye karte.

Kable zikisha kuingia, mutu anafinya klavie ya Windows pamoja na P, anachagua « Étendre ». « Dupliquer » inarudia tu picha ileile. Kama suri inatoka upande usiofaa, anafungua « Paramètres d'affichage » na kuvuta kisanduku 1 na 2 mpaka vifuate namna ekra zimepangwa juu ya meza. Ekra zisizolingana ukubwa zinaweza kufanya kazi pamoja bila shida.

Kwa redio, hatari kubwa ni sauti. HDMI na DisplayPort zinabeba sauti pia, na Windows inaweza kuituma kwenye ekra mpya bila kuuliza. Muziki unaendelea kutembea ndani ya programu, lakini kwenye mikseri hakuna kitu. Dawa yake ni kubonyeza alama ya sauti chini ya ekra, upande wa kuume, na kurudisha karte ya sauti ya studio. Kazi hii haifanywe kamwe wakati kipindi kiko hewani.

Inabaki umeme. Ekra nyembamba ya inchi 22 inakula karibu wati 20 mpaka 30. Zile nene za zamani zinakula mara tatu ao zaidi. Kama onduleri ni ndogo, inafaa masini na ekra ya kwanza tu ndizo ziingie humo, ekra ya pili ibaki kwenye prizi ya kawaida. Siku ya delestaji itazimika, na programu inaweza kubaki juu yake bila kuonekana. Kubonyeza programu hiyo kwenye mustari wa chini, kisha Windows, Shift na mushale wa kushoto ao wa kuume kwa pamoja, kunairudisha kwenye ekra yenye kuwaka.