Ukurasa na Msomaji Wake

Nilipokuwa nafundisha katika chuo cha ualimu, somo ambalo wanachuo walilidharau kuliko yote lilikuwa somo la kuutumia ubao. Wao walitaka saikolojia ya elimu na falsafa yake. Mimi nikawapa chaki na kuwaambia waandike tarehe. Nikawaonyesha jinsi ya kuugawa ubao katika sehemu tatu: kushoto jambo kuu la siku, lile lisilofutwa mpaka kengele ilie, katikati kazi inayoendelea, na kulia maneno mapya pamoja na hesabu za kufutwa mara kwa mara. Kisha niliwaamuru waende wakakae kwenye dawati la mwisho kabisa na wajisomee walichokiandika. Hapo ndipo kicheko kilipokwisha, maana wengi wao hawakuweza kuusoma mwandiko wao wenyewe.

Nimelikumbuka somo hilo uzeeni kwa sababu ambayo sikuitazamia. Mjane wa mwalimu mwenzangu, ambaye mimi humwita shemeji, alitakiwa kuhakiki taarifa zake ili aendelee kupata haki ya marehemu mumewe. Zamani angekwenda ofisini na bahasha yake, akakaa kwenye benchi mpaka aitwe. Safari hii aliambiwa ajaze fomu katika tovuti. Akanijia akijua kwamba mimi ni mtu wa vitabu, nasi tukaongozana mpaka kwenye duka moja la stationari lenye kompyuta.

Tulikaa pale saa mbili. Kila tulipofika mwisho wa fomu, ukurasa ulitoa maneno mekundu kwamba kuna kosa, bila kusema kosa liko wapi. Tulipokuwa tukilitafuta, ukurasa ukajifunga kwa kuwa tumechelewa, na yote tuliyoyaandika yakapotea. Mara ya tatu kijana mwenye duka akatuhurumia, akatuambia kuwa tarehe ya kuzaliwa ilitakiwa kuandikwa kwa kutanguliza mwezi kabla ya siku. Jambo hilo halikuandikwa popote. Yeye alilijua kwa sababu wengi walikwisha kumjia na shida ile ile.

Njiani shemeji akaniambia, "Mwalimu, mimi ni mjinga tu. Sikusoma vya kutosha." Huyu ni mwanamke aliyelea watoto sita na kuendesha mashine ya kusaga kwa miaka ishirini, na hesabu zake hazikupotea hata senti. Nilitaka kumkanya, lakini nikanyamaza, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimejiambia maneno hayo hayo tangu tulipofungiwa ukurasa mara ya kwanza.

Basi nikaanza kusoma habari za tovuti: nani alizianzisha, na ilikuwaje chombo kilichokusudiwa kumrahisishia mtu kazi kikafikia kumwaibisha.

Mwaka 1989 Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, alikuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho karibu na Geneva. Watafiti wa hapo walitoka nchi nyingi, kompyuta zao hazikulingana, na ujuzi mwingi ulipotea kila mtu alipoondoka. Akawaandikia wakubwa zake pendekezo kwamba hati ziunganishwe kwa viungo, ili msomaji akichagua neno fulani apelekwe kwenye hati nyingine, hata kama hati hiyo imehifadhiwa katika kompyuta ya mbali. Mwishoni mwa 1990 tovuti ya kwanza ilikuwa ikifanya kazi, na Agosti 1991 akaitangaza kwa watu wa nje. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikaitoa teknolojia hiyo bure, itumiwe na yeyote duniani.

Kurasa za mwanzo zilikuwa maneno matupu. Hazikuwa na picha wala mapambo. Kivinjari cha kwanza, yaani programu ya kufungulia kurasa hizo, kilifanya kazi kwenye aina moja tu ya kompyuta, nayo ilikuwa ya bei ghali. Kwa hiyo mwanafunzi mmoja aliyekuwa pale, Nicola Pellow, akaandika kivinjari kingine kilichoweza kutumika karibu kwenye kompyuta yoyote. Hiki hakikuhitaji kipanya. Kila kiungo kilipewa namba, na msomaji akaandika namba aliyoitaka. Msomaji wa Afrika Mashariki atatabasamu hapa, kwani hivyo ndivyo tunavyotumiana pesa kwa simu ndogo za vitufe: chagua 1, chagua 2, weka namba ya siri. Bibi ambaye hajagusa kompyuta maishani mwake hufanya kazi hiyo kila wiki, na hakuna aliyemfundisha darasani. Tangu mwanzo kabisa, basi, kulikuwa na mtu aliyemfikiria yule asiye na chombo kizuri.

Mwaka 1993 vijana wawili wa Marekani, Marc Andreessen na Eric Bina, wakiwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, walitoa kivinjari kilichoitwa Mosaic. Hiki kiliweza kuonyesha picha ndani ya ukurasa ule ule wenye maandishi, nacho kilikuwa chepesi kukitumia. Watu wakakimbilia. Mwaka uliofuata Andreessen na wenzake wakaleta Netscape, na kuanzia hapo tovuti zikatoka mikononi mwa wanafizikia, zikaingia kwa wafanyabiashara, wasanii, na kila aliyekuwa na jambo la kutangaza.

Wasanii walikuta zana duni. Lugha ya kuandikia kurasa ilijua kusema kwamba hiki ni kichwa cha habari na hii ni aya. Haikujua kupanga ukurasa kama wachapaji wa magazeti wanavyoupanga. Basi wakabuni hila. Majedwali, yaliyokusudiwa kuwekea tarakimu, yakageuzwa kuwa vyumba vya kupangia maneno na picha. Vipicha visivyoonekana vikapachikwa ili kusukuma maandishi mahali palipotakiwa. Mwaka 1996 Mmarekani David Siegel alitoa kitabu kilichozifundisha hila hizo, kikauzwa sana; na mwaka uliofuata yeye mwenyewe aliandika kukiri kwamba njia hiyo ilikuwa imeiharibu tovuti. Namheshimu mwalimu anayeweza kurudi mbele ya darasa na kusema, "Lile nililowafundisha si sawa."

Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa na maneno yanayowaka na kuzima, rangi zinazogombana, na kurasa zilizobandikwa tangazo kwamba zitazamwe kwa kivinjari fulani tu. Netscape na Microsoft walikuwa wakipigania wateja, kila mmoja akiongeza mambo ambayo mwenziwe hakuwa nayo. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi hapa alikuwa msomaji.

Hata hivyo haikuwa giza tupu. Oktoba 1994 Håkon Wium Lie, raia wa Norway aliyekuwa CERN, alipendekeza kwamba maneno ya ukurasa yatenganishwe na sura yake. Maneno yaandikwe mahali pake. Rangi, ukubwa wa herufi na mpangilio viandikwe pengine. Akaungana na Mholanzi Bert Bos, na Desemba 1996 kanuni zao, zijulikanazo kwa herufi CSS, zikapitishwa rasmi. Jambo lililonivutia ni kwamba katika mpango huo msomaji naye alipewa sauti: mwenye macho dhaifu aliweza kuweka herufi kubwa kwa ajili yake mwenyewe, bila kumwomba ruhusa mwenye ukurasa.

Mwaka huo huo wa 1996 Microsoft ilitoa herufi ziitwazo Verdana, zilizochorwa na Matthew Carter. Mtaalamu huyu, aliyejifunza kwanza kuchonga herufi za chuma kwa mkono, alizichora mahsusi kwa ajili ya kioo cha kompyuta, ambacho wakati ule kilikuwa na chenga. Akazifanya pana, akaziachia nafasi, akahakikisha kwamba tarakimu 1 haifanani na herufi l. Kwa mfano huu naona kosa la wale wasemao kwamba uzuri ni adui wa urahisi. Mkeka uliosukwa vizuri hupendeza machoni, na wakati huo huo haumchomi anayeukalia.

Ipo pia hadithi ya uzuri uliomsahau mgeni wake. Novemba 1999, mjini London, duka la nguo la Boo.com lilifungua milango yake katika intaneti. Mteja aliweza kuigeuza nguo na kuitazama pande zote, na msichana wa kuchorwa alimshauri juu ya mitindo. Lakini wateja wengi wakati ule waliingia katika intaneti kwa waya wa simu, na kurasa zile nzito ziliwachosha kwa kungoja. Mei 2000 duka likafungwa, baada ya kutumia kiasi cha dola milioni 135. Matumizi ya anasa na haraka ya kutaka kuuza nchi nyingi kwa mpigo yalichangia. Ila mlango usiofunguka hauna faida, hata ukinakshiwa kama ile ya Zanzibar. Wakati huo huo Google, iliyoanzishwa mwaka 1998, iliweka mbele ya wageni wake ukurasa mweupe wenye sanduku moja la kuandikia, na watu wakaijia kwa mamilioni.

Mtu aliyelifanya jambo hili kuwa elimu ni Jakob Nielsen wa Denmark. Mbinu yake haikuwa ya ajabu: alimkalisha mtu wa kawaida mbele ya ukurasa, akampa kazi ya kufanya, kisha akanyamaza na kutazama. Mwaka 1997 alieleza kwamba katika majaribio yake watu 79 katika kila 100 waliupitisha macho tu ukurasa mpya, na 16 pekee ndio waliousoma neno kwa neno. Mwaka 2000 akaeleza kwamba si lazima kuwajaribu watu mia. Watano hutosha kufichua sehemu kubwa ya makosa, kisha urekebishe na kuwajaribu wengine. Mei 1999 zilikuwa zimekwisha kutolewa pia kanuni za kimataifa za kuwafikiria wenye ulemavu: kwa mfano, kila picha iwe na maelezo ya maneno, ili chombo kimsomee asiyeona.

Kisha zikaja simu zenye kioo kikubwa, hasa baada ya iPhone mwaka 2007. Ukurasa uliopangwa kwa ajili ya meza ya ofisi ukalazimika kuingia kiganjani. Mei 2010 Ethan Marcotte akaonyesha njia ya kuufanya ukurasa mmoja ujipange wenyewe kulingana na upana wa kioo. Kwetu jambo hilo lilikuja kwa wakati wake. Waya wa Seacom wa chini ya bahari ulikuwa umefika pwani yetu Julai 2009, na wengi wetu tulikutana na intaneti kwa mara ya kwanza kwenye simu, bila kupitia kompyuta.

Nimeyaeleza haya kwa urefu ili msomaji aone kwamba fomu ile iliyomliza shemeji haikushindikana kwa kukosa maarifa. Maarifa ya kuandika "siku, mwezi, mwaka" juu ya kisanduku, na ya kumwonyesha mtu mahali alipokosea, yamekuwapo kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kukaa kando ya mjane mmoja na kumtazama akijaza.

Wala mimi sina haki ya kurusha jiwe. Mwaka 1974, nikiwa mwalimu kijana, nilikuwa na mvulana aliyekaa dawati la nyuma na kunakili hesabu kimakosa kila siku: nikiandika 8, yeye anaandika 3. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake, na nilimchapa, si mara moja. Alipoacha shule nilisema moyoni kwamba nilijua ataacha. Miezi michache baadaye mganga alikuja kijijini kupima macho, na kwa bahati nilikuwapo mvulana yule alipopimwa. Hakuweza kuona kitu kwa hatua nne. Mwandiko wangu ulikuwa mdogo na mzuri, nami niliuonea fahari. Sikuwahi hata siku moja kwenda kukaa kwenye dawati lake.

Hiyo ndiyo sababu ya somo la ubao, na hiyo ndiyo sababu niliyowaficha wanachuo wangu miaka yote. Niliona haya.

Haki ya shemeji ilitoka baada ya miezi miwili. Alinunua kitenge, akampelekea yule kijana wa stationari ampe mama yake. Mimi nilimrudia shemeji siku nyingine nikamwambia lile nililopaswa kumwambia njiani: kwamba yeye si mjinga, na kwamba nilipata kumwambia mtoto wa watu neno hilo wakati kosa lilikuwa langu. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Na yule mtoto, ulimwambia?" Sikuwa nimemwambia. Alikwisha kuhama na wazazi wake.

Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa vijana wetu wanaotengeneza tovuti za serikali, za benki, za hospitali na za shule, sina ushauri wa kitaalamu kuwazidi walimu wao. Nawaomba tu, kabla hawajaufungulia umma ukurasa wao, wamtafute mtu mzima mmoja asiyewajua, wampe kiti, wanyamaze, na wamtazame.